Lalamiko Lisilo na Anwani

Ndugu zangu, habari za mchana?

Mmeitika "nzuri", nami nawashukuru. Lakini jibu hilo tunalijua, lina mkia. Adabu zetu zinatutaka tuanze na "nzuri" au "salama" hata kama mtu ametoka kuzika. Adabu ikishatimia ndipo linapoingia lile neno dogo, "ila". Nzuri, ila joto. Salama, ila foleni ya leo, we acha tu. Tunamshukuru Mungu, ila maisha yamekuwa magumu. Hapo mazungumzo yameshapata njia: bei ya nyanya, umeme uliokatika saa mbili usiku taarifa ya habari ikianza, kondakta aliyekula chenji, mwenye nyumba, shemeji, mtoto asiyefua soksi zake. Nusu saa baadaye watu wanaagana. Nyanya bado ni bei ileile, chenji haijarudi, na soksi ziko chini ya kitanda.

Mada yetu leo ni kuacha mazoea hayo. Neno langu kubwa nalitoa sasa hivi, mengine yote yatatoka humo. Kila lalamiko ama lina mtu anayeweza kulishughulikia, ama halina. Kama yupo, apelekewe. Kama hayupo, tulitue chini. Mazoea yanayotula ni yale ya katikati: kumpelekea asiyehusika, mara nyingi kwa siku, jambo asiloweza kulifanya chochote. Hilo naliita lalamiko lisilo na anwani.

Lugha yetu yenyewe inaitenganisha mizigo hii. Kushtaki kunadai awepo wa kushtakiwa na wa kushtakiwa mbele yake. Kudai kunadai mdaiwa. Kuwasilisha malalamiko ni kitendo cha heshima, kina meza na kina mtu nyuma ya meza. Kunung'unika kunahitaji mdomo tu. Kwa hiyo nikisema tuache kulalamika, naomba mnielewe kwamba nasema manung'uniko. Haki ya kudai sijaigusa, na nitairudia mbele.

Vitabu vyetu vya dini vimeshaionyesha tofauti hii. Katika Hesabu mlango wa 11, wana wa Israeli wamechoshwa na mana. Wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu, na wanalia, kila mtu mlangoni pa hema yake. Wanamlilia Musa awape nyama, naye Musa hana nyama. Katika mlango huohuo Musa naye analalamika, tena kwa ukali kuliko wao, mpaka anasema bora afe. Lakini yeye anamwendea Mungu, na anataja hasa kinachomshinda: watu ni wengi, hawezi kuwabeba peke yake. Anapewa wazee 70 wamsaidie. Katika Qur'ani, sura ya Yusuf, Nabii Yakub anaahidi subira njema alipompoteza mwanawe, na katika sura hiyohiyo, aya ya 86, anasema huzuni yake anamshtakia Mwenyezi Mungu. Subira yake haikuwa ya kuziba mdomo. Alijua pa kuupeleka mzigo wake.

Sasa, kwa nini tunampelekea asiyehusika? Kwa sababu tunapata kitu, na tukikidharau kitu hicho hatutaacha kamwe.

Tunachokipata kwanza ni pole. Mtu anayesema "leo daladala zimenitesa" hatafuti daladala, anatafuta pole. Tuna neno zuri la silabi mbili ambalo lugha nyingi hazina, lakini tumezoea kulivua kwa ndoano ya malalamiko badala ya kuliomba. Tunapata pia ukaribu. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, alichapisha kazi yake juu ya watoto na vijana wanaokaa na marafiki zao kuyapitia matatizo yaleyale tena na tena. Aliona mambo mawili yanakwenda pamoja: urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na huzuni na wasiwasi wao vilikuwa vikubwa zaidi. Saluni, kijiweni, jikoni kwenye shughuli, tunayaona hayohayo. Malalamiko yanatushikamanisha, na yanatuzamisha tukiwa tumeshikana. Na kuna uoga. Kumwambia fundi usoni kwamba amechelewesha nguo kunatisha kidogo. Kumwambia jirani habari za fundi hakutishi hata kidogo. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na chura anajua kwamba ng'ombe hatamgeukia.

Hapa kuna imani moja lazima tuing'oe kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe. Tunasema "acha nitoe ya moyoni, nitapoa". Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipima jambo hili kwa wanafunzi 600 wa chuo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kila mmoja aliandika insha, kisha akarudishiwa ikiwa na maneno ya kuudhi. Wengine wakapewa mfuko wa mazoezi ya ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine waupige huku wakifikiria afya ya mwili, na wengine wakakaa kimya kwa dakika chache. Waliopiga huku wakimfikiria mkosaji ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote. Hasira iliyochochewa haiishi, inapata kuni. Kuna tofauti kubwa kati ya kumsimulia mtu unayemwamini mara moja, kwa nia ya kuelewa, na kulirudia jambo lilelile kwa watu saba kabla ya jioni. La kwanza ni dawa.

Basi kazi.

Wiki ya kwanza usiache chochote. Hesabu tu. Nasema wiki nzima, siku 7, kwa sababu Jumatatu na Jumapili hazifanani. Na kama wiki hiyo imeangukia siku za kulipa kodi ya nyumba, ujue umehesabu wiki ngumu. Chukua punje 30 za mahindi au maharage makavu uziweke mfuko wa kulia. Kila ukilalamika, hamisha punje moja mfuko wa kushoto. Njia hii inamfaa mama ntilie mwenye mikono yenye unga na inamfaa anayekaa ofisini, na hakuna atakayejua unafanya nini. Dereva wa bodaboda au wa gari asihamishe punje akiwa barabarani. Akisimama ndipo akumbuke na kuhesabu. Usiku kabla ya kulala hesabu punje za kushoto, andika idadi kwenye daftari, kisha andika malalamiko matatu makubwa ya siku hiyo kwa safu tano: saa ngapi, mahali gani, jambo gani, nani alisikiliza, na nani anaweza kulitengeneza. Safu ya tano ndiyo mama wa zote. Watu wengi huiacha wazi kwa uvivu, na hao ndio wanaofika wiki ya tatu wakiwa na daftari zuri na mdomo uleule.

Kipi kinahesabiwa? Kinachotoka nje, kwa asiyehusika, bila ombi ndani yake. Msonyo unahesabiwa, tena uhesabiwe kwa ukali, maana ndio lalamiko letu fupi na linaloambukiza kuliko yote: mmoja akisonya ndani ya daladala, robo ya gari inasonya. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu unahesabiwa. Maneno uliyoweka kwenye status ya WhatsApp bila kumtaja mtu, ukitumaini mwenyewe ataona, yanahesabiwa mara moja tu hata kama wameyasoma watu mia. Lililobaki moyoni halihesabiwi. Kilio cha msiba hakihesabiwi. Kusema "umeme umekatika, washa taa ya simu" ni taarifa. Kumwambia daktari panapouma ni taarifa pia, na nyeti sana.

Makosa ya wiki hii yanajulikana. Idadi itaanza kushuka siku ya pili au ya tatu yenyewe, kwa sababu mdomo unaochungwa unajichunga. Usishangilie na usiache kuhesabu, itapanda tena ukizoea punje. Kosa jingine ni kusahau. Dawa yake ni kuifunga hesabu kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukosa, kwa mfano mara tu baada ya chakula cha mchana na tena ukipiga mswaki usiku. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuigeuza nyumba kuwa mahakama: mke anamhesabia mume, kaka anamhesabia dada, "haya, hilo la nne!" Ndani ya siku mbili mnagombania hesabu. Punje ni za mdomo wako mwenyewe.

Baada ya siku 7 soma daftari lako kama unasoma la mtu mwingine. Kwa kawaida utakuta mambo machache yanayojirudia, msikilizaji mmoja au wawili waliobeba karibu yote, na saa fulani ambayo punje zimejaa. Kwa wengi ni ile saa ya kurudi nyumbani, tumbo tupu, jua la siku nzima likiwa kichwani. Kama ndiyo yako, jambo la kwanza la kubadilisha halihusu tabia hata kidogo: kula kitu saa kumi, hata ndizi mbili na maji nusu lita. Kama punje zinajaa asubuhi, angalia unalala saa ngapi. Inasikitisha kuona mtu anapambana na moyo wake miezi sita kumbe alikuwa na njaa.

Ya wiki ya pili ni kuikamata dalili. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walichapisha njia ya kuacha mazoea kama kung'ata kucha na kunyonya kidole. Msingi wake ni mambo mawili. Mtu ajifunze kulitambua tendo linapoanza, si linapokwisha. Na awe na tendo jingine la kuweka mahali pake, lisiloweza kufanyika pamoja na lile la zamani. Njia hiyo inatufaa. Dalili za lalamiko la Kiswahili zinasikika kabla lalamiko lenyewe halijatoka: pumzi inayovutwa kwa nguvu, ulimi unaopanda kwenye meno kutafuta msonyo, na maneno ya kufungulia, "yaani", "hawa watu", "siku hizi", "kila siku", na lile "ila" la salamu. Chagua dalili mbili zilizo zako. Ukizikamata, funga midomo, toa pumzi taratibu kwa pua ukihesabu mpaka 4, rudia mara tatu. Midomo iliyofungwa haisonyi. Kisha jiulize swali la neno moja: nani? Jina likija, una kazi ya kufanya, nami nitaieleza. Lisipokuja, sema kitu kingine au nyamaza.

Nikisema "sema kitu kingine" nina maana kwamba uwe umekiandaa. Kuacha malalamiko kunaacha shimo kwenye mazungumzo, na mtu asiye na cha kutia katika shimo hilo hurudia ya zamani ndani ya siku tatu. Andaa maswali mawili kwa ajili ya kijiweni na saluni. Badala ya "umeiona foleni?" uliza "umepitia njia gani leo?" Badala ya "bei za sokoni zimetuua" uliza "wewe mboga unanunua wapi siku hizi, na kwa nani?" Mada ni ileile, hakuna atakayekuona umegeuka mlokole wa furaha, lakini swali linarudi na jibu ambalo kesho litakupunguzia kitu.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, ameonyesha katika kazi zake kwamba azimio lenye wakati na mahali hushinda azimio tupu. "Nitapunguza malalamiko" halina mguu wa kusimamia. Liandike hivi: "Nikifika kituoni nikakuta watu wamejaa, nitatazama saa, nitasubiri dakika 15, zikipita nitatembea mpaka kituo kinachofuata." Au: "Umeme ukikatika, nitawasha taa, nitapiga namba ya huduma mara moja, kisha nitafanya kazi isiyohitaji umeme." Andika maazimio matatu tu, ya mambo matatu yaliyojirudia kwenye daftari lako. Ukiandika kumi hutakumbuka hata moja likihitajika.

Sasa twende kwenye lalamiko lenye anwani, maana hapa ndipo penye faida, na hapa ndipo wengi wetu hatukufundishwa. Tulifundishwa kuvumilia, tukajifunza wenyewe kulipuka. Cha katikati hatukukipata.

Lalamiko linalofika lina sehemu nne: tukio, madhara, ombi moja, na muda. Tukio liwe na siku na kipimo. Madhara yaelezwe kwa sentensi moja. Ombi liwe moja, maana ukiomba matatu utapewa lililo rahisi na mawili yatasahaulika. Muda utajwe, la sivyo ombi linageuka kuwa dua.

Chukueni bomba linalovuja uani kwenye nyumba ya kupanga. Njia ya mazoea ni kuwaambia wapangaji wenzio kwamba mwenye nyumba anajua kudai kodi tu. Njia yenye anwani ni kumpigia saa ya staha, salamu zikamilike, kisha: "Shikamoo baba. Bomba la uani linavuja tangu Jumapili. Usiku mmoja linajaza ndoo mbili za lita 20, na bili ya maji tunagawana watu wanne. Naomba fundi aje kabla ya Jumamosi. Kama una safari, niruhusu nimlete mimi, risiti nikukabidhi tukate kwenye kodi." Hakuna tusi, hakuna kilio, na mwenye nyumba ana mambo mawili ya kuchagua, yote mawili yanaliziba bomba.

Au gauni kwa fundi cherehani: "Fundi, tulikubaliana Ijumaa, leo ni Jumanne. Harusi ni Jumamosi saa nane mchana. Niambie leo ukweli wako: litakuwa tayari Alhamisi jioni, au nichukue kitambaa nikatafute pengine?" Angalieni kinachokosekana humo. Hakuna "mafundi wote waongo". Ukimwambia fundi kwamba mafundi wote ni waongo, umempa kazi ya kuutetea ufundi wa nchi nzima, na gauni lako limesahaulika.

Kwenye huduma za umma, andaa ushahidi kabla ya hasira. Umenunua umeme wa LUKU kwa simu, pesa imekatwa, tokeni ya tarakimu 20 haijaja. Kabla ya kupiga, andika namba ya mita, kiasi ulicholipa, tarehe na saa, na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo. Ukihudumiwa, omba namba ya lalamiko uiandike, pamoja na jina la aliyekuhudumia na muda aliokuahidi. Hapa Tanzania umeme, maji, mafuta na gesi vinasimamiwa na EWURA, usafiri wa barabarani na LATRA, simu na intaneti na TCRA. Utaratibu ni kuanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na usiporidhika ndipo unapanda ngazi, ukiwa na kumbukumbu ya ulikoanzia. Wanaoruka ngazi ya kwanza hurudishwa chini, na wasio na tarehe wala namba huanza upya. Mtu huyo akirudi nyumbani anasema nchi hii hakuna anayesikiliza. Mara nyingine ni kweli hasikilizwi. Lakini mara nyingine alikwenda na hasira peke yake, na hasira haina namba ya kumbukumbu.

Jambo ukishalifikisha, ukaweka na siku ya kulifuatilia, mdomo upumzike mpaka siku hiyo. Hapa watu huteleza sana. Wanapeleka lalamiko kwa mhusika vizuri, kisha jioni wanalisambaza mtaa mzima kana kwamba halijapelekwa.

Nyumbani ni pagumu zaidi, maana anwani ipo karibu mno. Sybil Carrère na John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walizifuatilia jozi 124 za wanandoa wapya kwa miaka 6. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba dakika 3 za kwanza za mazungumzo ya dakika 15 juu ya jambo wasilokubaliana zilitosha kukisia nani wangeachana. Gottman husisitiza tofauti kati ya kulilalamikia tendo na kumshambulia mtu. "Mkaa umeisha na hukuniambia, leo tumechelewa kula" ni lalamiko juu ya tendo, mwenzio anaweza kulijibu. "Wewe huwa hujali" ni hukumu juu ya mtu, na mtu hukata rufaa. Maneno ya kuyaogopa ni "huwa", "kila siku", "siku zote" na "hata siku moja". Yakikujia, yabadilishe kwa siku yenyewe: "jana", "Jumatatu". Na chagua saa. Jambo la fedha lisianzishwe mtu akiwa mlangoni anavua viatu. Mwache aoge, ale, kisha useme, "Baba Asha, nina jambo la ada, tuzungumze sasa au kesho baada ya chai?" Akisema kesho, kesho iwe kesho kweli.

Na ile pole tuliyokuwa tunaivua kwa ndoano? Iombeni. "Mama Asha, leo nimechoka kweli, naomba pole yako tu, ushauri tutatafuta baadaye." Sentensi hii ni ngumu kutamka mara ya kwanza, hasa kwa wanaume. Ya tatu inatoka yenyewe. Inafupisha maneno ya dakika arobaini yakawa dakika mbili, na msikilizaji anabaki na nguvu.

Upande wa pili, unapokuwa wewe ndiye unayelalamikiwa bila kuhusika: toa pole moja, nzima, simu ukiwa umeiweka chini na macho ukiwa umemtazama. Pole sita za kinywa huku kidole kinapandisha picha hazifiki moja. Kisha uliza, "Nikusikilize tu, au tutafute njia?" Akitaka njia, uliza, "Mwenyewe umeshamwambia?" Basi. Usimtolee somo hili la leo. Mtu aliyeanza kuhesabu punje juzi akawa mhubiri leo ni mzigo kwa ukoo.

Nilisema nitairudia haki ya kudai. Hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuitumia mada hii kumnyamazisha mwingine. Mwajiri mwenye mishahara ya miezi miwili mfukoni asiwaambie wafanyakazi waache kulalamika, wanamdai. Anayepigwa nyumbani halalamiki, anashambuliwa, na mahali pake ni kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto anayeteswa ana namba 116, Tanzania na Kenya pia. Mjamzito anayesema kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, au anatoka damu, asiambiwe kwamba mimba ndivyo zilivyo. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mtu ambaye kwa wiki 2 au zaidi kila kitu kwake ni kizito, halali vizuri, hali chakula, na hata anayoyapenda hayamvuti, huyo anaumwa, anahitaji mhudumu wa afya, punje za mahindi hazimtoshi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Malalamiko haya yote yana anwani, na kazi yetu ni kuyasindikiza yafike.

Mtaniuliza inachukua muda gani. Mwaka 2006 mchungaji mmoja wa Kansas City, Marekani, aliwagawia waumini wake bangili za zambarau: ukilalamika, unaihamishia mkono wa pili na kuanza upya, mpaka utimize siku 21 mfululizo. Bangili zile zilienea nchi nyingi. Kuhamisha kitu mkononi ni jambo zuri, na punje zetu ni ndugu zake. Ila kuanzia sifuri kila unapoteleza naona kunawavunja moyo watu wengi, na siku 21 hazina ulazima wowote. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, waliowafuata watu 96 kwa wiki 12 wakijenga mazoea madogo kama kunywa maji wakati wa chakula. Kwa wastani zoea lilikaa baada ya siku 66, na kati ya mtu na mtu makadirio yalikwenda kutoka siku 18 mpaka 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo jipeni miezi mitatu, na lengo lisiwe sifuri. Kama wastani wa wiki ya kwanza ni punje 20 kwa siku, tafuta 10 wiki ya tano, na 5 wiki ya kumi na mbili. Hesabu wiki moja katika kila mwezi, hakuna haja ya kubeba mahindi maisha yote.

Daftari lile lina kazi moja ya ziada. Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003, walichapisha majaribio ambayo katika mojawapo watu waliandika mara moja kwa wiki, wiki 10, wengine mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, wengine mambo yasiyozidi matano yaliyowaudhi. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao vizuri zaidi. Basi Ijumaa au Jumapili jioni andikeni matano. Yawe na sura: "nashukuru kwa uzima" ni kweli lakini baada ya wiki mbili mkono unaiandika wenyewe. "Jumatano jirani alianua nguo zangu mvua ilipoanza" ni jambo moja, lina siku, lina mtu. Nalo lina anwani, kwa hiyo mpelekeeni mwenyewe. Gongeni mlango mumwambie.

Punje zipo mezani, kila mtu achukue 30. Daftari lolote dogo litatosha, pigeni mistari ya safu tano leo usiku, na hesabu ianze kesho mkiamka. Sasa nipo kwa ajili ya maswali yenu, tuanze na akina mama walioketi nyuma.